Fundi Anajibu: Minyororo ya Mpira kwenye Gari Dogo la Kazi

Swali: Shikamoo Fundi. Ninafanya kazi katika shamba la ng'ombe wa nyama kaskazini-magharibi mwa Minnesota, Marekani, ambako theluji hudumu tangu Novemba hadi Machi na wakati mwingine Aprili. Shambani tuna gari dogo la kazi, lile la viti viwili sambamba mbele na sanduku la kubebea mzigo nyuma. Theluji ikifika magotini gari halifui dafu, nasi hulazimika kuwapelekea ng'ombe majani makavu kwa trekta kubwa. Mwajiri wangu amenunua seti ya minyororo ya mpira iliyokwisha kutumika, yaani mikanda mipana inayozunguka juu ya fremu yenye magurudumu madogo, akaniagiza niifunge badala ya magurudumu. Nimefunga mipira ya magari tangu ujana wangu Nakuru, lakini kifaa hiki sijawahi kukigusa. Nianzie wapi, na gari litabadilikaje?

Jibu: Marahaba. Uko jirani kabisa na chimbuko la kifaa hicho, kwa kuwa katika mji mdogo wa Karlstad, uliopo pembe hiyo hiyo ya Minnesota, ndiko ilikoanzia kampuni ya Mattracks, baada ya mtoto wa mwanzilishi wake kuchora gari lenye mnyororo kwenye kila kona badala ya gurudumu, na baba yake akaamua kulitengeneza kweli.

Kabla hujashika spana, hakikisha kwamba vifungio vilivyokuja na seti ni vya gari lenu kwa jina, modeli na mwaka. Mnyororo wenyewe unaweza kuingia kwenye magari mengi, lakini mikono ya kuuzuia usizunguke, pamoja na nafasi za matundu ya boliti kwenye habu, yaani kitovu kinachofungiwa gurudumu, hutofautiana kati ya gari na gari, na hata kati ya matoleo mawili ya gari moja. Mwenye kununua seti iliyotumika mara nyingi huuziwa minyororo mizuri na vifungio visivyoingia. Vikikataa, viagizeni vipya kutoka kwa mtengenezaji. Usichomelee chuma cha kubuni, kwa sababu mkono huo ndio unaobeba nguvu yote inayotaka kuupindua mnyororo, na ukikatika ukiwa kwenye mwendo, fremu inaweza kujigeuza, ikapiga bodi na kukata mpira wa breki.

Kagua pia hali ya seti yenyewe. Zungusha kila gurudumu dogo kwa mkono, na ukisikia mkwaruzo au ukiona linacheza, beringi imekwisha. Pindua mkanda wa mpira utazame meno ya ndani, yale yanayoshikwa na sproketi, gurudumu la meno linalouzungusha mkanda. Yakiwa yamemeguka upande mmoja tu, ujue kwamba mnyororo ulikuwa ukitembea bila kunyooka. Nyuzi zikionekana kwenye kingo, mkanda huo hautafika mbali.

Sasa kazi ya kufunga. Egesha gari kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, liinue kwa jeki, kisha likalishe juu ya stendi imara. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Kila mnyororo una uzito unaokaribia wa mfuko mmoja wa saruji, na mara nyingi wa nyuma huwa mzito kuliko wa mbele, kwa hiyo tafuta mwenzako wa kukusaidia. Tenganisha wa kulia na wa kushoto, kwa kuwa michongo ya nje ya mpira ina mwelekeo wake, na ukiifunga kinyume theluji haishikwi inavyotakiwa. Sproketi hukaa pale pale rimu ilipokuwa imekaa. Safisha uso wa habu mpaka chuma king'ae, maana kutu au rangi ikibaki katikati, nati zitalegea baada ya muda mfupi. Kaza kwa mtindo wa msalaba, kwa spana ya kupima nguvu, kufuata kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha seti.

Baada ya hapo inakuja sehemu ambayo mafundi wengi huiharakisha, nayo ndiyo inayoamua kama gari litaendeshwa kwa raha au litakuwa adhabu. Mnyororo haukai kama gurudumu. Umening'inia kwenye habu na unaweza kuinua au kuinamisha pua yake. Boliti ya mkono wa kuzuia mzunguko ndiyo inayopanga mwisho wa kuinama huko. Pua ikiachwa iiname mno, mnyororo utachimba theluji badala ya kuipanda, na ukigonga jiwe au kisiki, kishindo chote kitaingia kwenye saspensheni. Ikiinuliwa mno, mpira utalika mapema. Weka kipimo cha kitabu wakati gari limekaa chini kwa uzito wake wote huku usukani ukiwa umenyooka, na mzigo wa kawaida uwe umepakiwa, kwa sababu vipimo vinavyochukuliwa gari likiwa juu ya stendi hudanganya.

Kisha pima mnyoosho wa minyororo ya mbele. Laza ubao ulionyooka kwenye ubavu wa kila mnyororo, upime kwa futi ya utepe umbali kati ya mbao hizo mbili upande wa mbele, halafu upande wa nyuma, kwa kimo kile kile kutoka sakafuni. Hesabu zikipishana kuliko kitabu kinavyoruhusu, rekebisha kwenye tairodi, vile vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu ya mbele. Ukiwa na magurudumu, kasoro ndogo hapa hula mpira polepole usitambue, lakini ukiwa na minyororo yenye kushika ardhi kwa urefu wote huo, kasoro ile ile huyumbisha gari, huchosha mikono na kuzikandamiza boljointi, viungio vya usukani na saspensheni. Siku mtakaporudisha magurudumu, mpime upya.

Mkazo wa mkanda hupimwa kwa kuning'iniza uzito uliotajwa kwenye kitabu katikati ya magurudumu madogo na kuangalia mpira umeshuka kiasi gani. Ukilegea, meno yataruka juu ya sproketi kwa mlio wa kugonga, hasa wakati wa kurudi nyuma au kufunga breki, na ukikazwa kupita kiasi, beringi zitakufa na injini itapoteza nguvu bure. Mwisho, geuza usukani mpaka kikomo kila upande na uangalie kwa macho na vidole kwamba mpira haugusi bodi, wala mpira wa breki, wala waya wowote. Endesha taratibu kwa muda wa saa moja hivi, rudi, ukaze nati zote tena na upime mkazo upya, kwa kuwa vifaa vipya na vilivyohamishwa hukaa vizuri baada ya kutembea kidogo.

Umeuliza gari litabadilikaje. Litabadilika sana, na mwajiri wako aelezwe hivyo mapema. Sproketi ni ndogo kuliko gurudumu mlilotoa. Tuchukulie mpira wenu wa awali ulikuwa na kipenyo cha inchi 27, ambao husogeza gari takriban mita 2.15 kwa kila mzunguko, na kwamba sproketi husogeza mita 1.3. Dashibodi ikionyesha kilomita 60 kwa saa, gari kwa kweli linakwenda 36. Kilomita zinazohesabiwa nazo zitazidi zile mlizotembea, kwa hiyo fuateni saa za injini katika kupanga sevisi. Mwendo mdogo huo ni faida, kwa kuwa ndio unaoipa gari nguvu ya kuvuta. Hata hivyo, magari mengi ya aina hii huendeshwa kwa mkanda mwingine wa mpira, ulio ndani ya kasha lake kati ya injini na giaboksi, na mkanda huo huungua ukilazimishwa kuvuta mzigo mzito kwa gia kubwa. Tumia gia ndogo, na magurudumu yote manne yashiriki, katika theluji nzito, mlima na mzigo. Ukisikia harufu ya mpira unaoungua, simama, uache upoe.

Usigeuze usukani gari likiwa limesimama. Anza kusogea kwanza, hata kwa mwendo wa konokono, ndipo ukate kona, na kona yenyewe iwe pana. Kurudi nyuma kwenye theluji ya kina kufanywe taratibu na kwa mstari ulionyooka. Ubavuni mwa mlima punguza mwendo zaidi, kwa sababu kimo cha gari kimeongezeka na mzigo wa majani hukaa juu.

Na jioni, kabla ya kuegesha, peleka gari mbele na nyuma mara chache mahali pakavu ili theluji iliyoyeyuka idondoke, kisha uliegeshe juu ya mbao. Tope la theluji lililobaki kati ya magurudumu madogo huganda usiku likawa kama zege, na asubuhi dereva mwenye haraka akikanyaga mafuta, ama meno yatang'oka au ekseli itakatika. Likiganda hata hivyo, lipigwe taratibu kwa nyundo ya mpira au liyeyushwe ndani ya banda. Moto wa gesi usisogezwe karibu na mkanda.

Swali: Fundi, mimi na kaka yangu tunaishi Bemidji, Minnesota, na tumejifunza kuvua samaki kupitia tundu la barafu. Gari letu lina minyororo ya mpira. Muuzaji alituambia kwamba minyororo hueneza uzito, hivyo gari hukandamiza ardhi kidogo kuliko likiwa na magurudumu. Je, hii ina maana kwamba tunaweza kupita kwenye barafu nyembamba zaidi?

Jibu: La, dada yangu, na ninaomba mlizingatie jambo hili kuliko yote yaliyomo katika safu hii. Muuzaji amesema kweli kuhusu theluji na tope, lakini barafu ya ziwa ni jambo jingine. Theluji hushindwa pale uso wake unapotobolewa, ndiyo maana kueneza uzito husaidia. Barafu huelea juu ya maji na hupinda chini ya mzigo mzima uliopo juu yake, gari, watu na vifaa, nao ujumla huo ndio unaoivunja. Minyororo haipunguzi hata kilo moja ya mzigo huo. Inaongeza, kwa kawaida zaidi ya kilo 100 baada ya kutoa uzito wa magurudumu mliyoyavua.

Idara ya Maliasili ya Minnesota inashauri barafu mpya, ngumu na angavu iwe na unene wa inchi 7 hadi 8, yaani sentimita 18 hadi 20, kwa gari la viti sambamba kama lenu. Kwa mtu anayetembea kwa miguu ni inchi 4. Barafu nyeupe, iliyotokana na theluji iliyolowa na kuganda, ni dhaifu, na unene wake unatakiwa uwe maradufu. Kwa gari lililoongezewa minyororo na mzigo, mimi ningetaka zaidi ya kiwango hicho. Pimeni kwa keekee kila baada ya futi 150, yaani mita 45 hivi, kwa maana unene hubadilika palipo na mkondo, chemchemi au mdomo wa mto. Endesheni polepole, kwa kuwa gari linalokwenda husukuma wimbi chini ya barafu, na wimbi hilo likikaribia ufuko linaweza kuipasua. Vaeni maboya, fungueni mikanda ya viti na milango au madirisha, na msiegeshe magari mawili karibu karibu.

Swali: Ndugu Fundi, huku Ifakara, Tanzania, tumezoea kuona mashine za kuvunia mpunga zenye minyororo ya mpira zikiingia mashambani bila kuzama. Nimefikiria kuagiza gari dogo la kazi lenye minyororo ya aina hiyo ili kupeleka mbegu na mbolea wakati wa masika. Ni wazo zuri?

Jibu: Wazo si geni katika pande zetu. Kati ya mwaka 1924 na 1925, magari ya Citroën yenye mikanda ya mpira nyuma, yaliyobuniwa na mhandisi Mfaransa Adolphe Kégresse, yalivuka Afrika kutoka Algeria, na baada ya msafara kugawanyika Kampala, kundi moja lilishuka hadi Dar es Salaam na jingine Mombasa.

Swali lako la kwanza kwa muuzaji liwe kama seti ni ya theluji pekee au ya ardhi zote. Baadhi ya minyororo ya theluji hupitisha mkanda juu ya reli za plastiki ambazo hutegemea theluji kuzipoza na kuzilainisha. Katika joto la bonde lenu la Kilombero reli hizo zitayeyuka na kulika upesi. Unahitaji seti ambayo mkanda wake hutembea juu ya magurudumu yenye beringi tu, bila reli, na beringi hizo ziwe zimezibwa vizuri dhidi ya maji na mchanga.

Swali la pili ni umbali kati ya nyumba na shamba. Mpira huo hulika vibaya kwenye changarawe na lami, na hupata joto kali ukienda kasi. Ndiyo maana mashine za kuvunia husafirishwa juu ya lori. Kama shamba lako liko kilomita nyingi kutoka ghalani, utahitaji tela, na gharama ya tela na trekta la kulivuta lazima iingie katika hesabu. Kama ghala liko ukingoni mwa mashamba, seti hiyo itakufaa sana katika tope, na haitashindilia udongo wako kama tairi zinavyofanya. Osha tope kila jioni kabla halijakauka, upake grisi baada ya kuosha, na uagize beringi za akiba pamoja na mkanda mmoja wa ziada katika shehena ile ile.