Bati Ngapi? Kwa diwani mpya mwenye shule iliyochakaa

Juzi usiku nilipata ujumbe wa diwani mmoja kijana, kata ya mbali na kwetu. "Shikamoo mheshimiwa. Nina shule ya msingi imechoka kabisa. Nataka niache nimeifanya ya kisasa, lakini kila nikienda halmashauri naambiwa bajeti haitoshi. Nianzie wapi?" Nilipousoma nikajiona mimi mwenyewe wa mwaka 2016, na usingizi ukaniruka. Namjibu hapa ili na wengine wenye shule za aina hiyo msome, maana najua mko wengi na mnataka kilekile nilichokitaka mimi.

Nilikuwa diwani vipindi viwili. Sijaketi vizuri kwenye kiti, elimu bila ada ikaanza hapa Tanzania, Januari 2016. Shule yetu iliyozoea kuandikisha watoto tisini darasa la kwanza ikaandikisha 214. Majengo yenyewe mengi yalikuwa ya MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza 2002, pamoja na jengo moja la zamani zaidi lenye vyumba viwili na ofisi katikati. Mimi sikuona cha kukarabati pale, niliona cha kujenga. Nikasimama kwenye mkutano wa hadhara nikatangaza kwamba kata yetu itakuwa na maktaba na chumba cha kompyuta. Shule haikuwa hata na umeme, na nilijua.

Wananchi walinielewa. Kina mama walisomba maji na mchanga, vijana wakafyatua tofali, kila kaya ikatoa chake. Ndani ya miezi mitano boma, yaani kuta zisizo na paa, likafika kwenye linta, juu ya milango na madirisha. Halmashauri ilikuwa imeahidi kwamba tukifika hapo wao watapaua. Mwaka ukaisha, ukaja wa pili, ukaja wa tatu. Kumalizia kulihitaji zaidi ya milioni 40, na kila bajeti ilipopita jina la shule yetu lilikuwemo kwenye kitabu, fedha hazikuwemo kwenye akaunti. Boma lile limesimama mpaka leo. Mwaka jana, wakati wa kura za maoni ndani ya chama, mwenzangu alikwenda kupiga picha mbele yake na kuzisambaza. Iliniuma, na bado inaniuma, lakini siwezi kusema alidanganya.

Sasa nieleze kilichonibadilisha. Machi 2019 nilipita shuleni asubuhi, mvua ikanikuta nikiwa mlangoni mwa darasa la nne, kwenye lile jengo la zamani. Mwalimu alikuwa ubaoni. Matone ya kwanza yalipogonga bati, watoto waliinuka wote bila kuambiwa, wakasukuma madawati: haya ukutani, yale katikati, matatu yakapandana mlangoni. Hawakugombana. Kila mmoja alijua tone litaangukia wapi. Mtoto mmoja wa kike alivua sweta akafunika madaftari ya wenzake watatu, akakaa akitetemeka mpaka mvua ikakatika. Mwalimu akaendelea pale alipoachia, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilitoka pale nikapita mbele ya boma langu la kompyuta, na sikuweza kuliangalia.

Mwezi uliofuata nikaibuka kikaoni halmashauri na hasira. Niliongea kama dakika kumi, wajumbe wakapiga meza. Nilipomaliza, afisa mipango akaniuliza kwa upole: "Mheshimiwa, bati ngapi?"

Sikuwa na jibu. Sikujua bati ngapi, kenchi ngapi zile fremu za mbao zinazobeba paa, wala mbao za aina gani. Na kilikuwa kikao cha Aprili, bajeti ya mwaka wa fedha unaofuata ilishapitishwa na baraza tangu mapema mwaka ule. Nilikaa chini na aibu ambayo sijawahi kumsimulia mtu mpaka leo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, hapo ndipo pa kuanzia. Hesabu. Jumamosi ile nilimchukua mwalimu mkuu, fundi mmoja wa mtaani na futi kamba. Tulipanda juu ya dari. Bati za kubadilisha zilikuwa 118, kenchi tano zimeliwa na mchwa hadi ukizigusa zinamwaga unga, papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, karibu zote zimeoza upande wa kusini. Mhandisi wa halmashauri alipokuja kuhakiki, tulikuwa tumetofautiana naye bati sita tu. Gharama yote, pamoja na fundi, haikufika milioni 8. Milioni 8 kwa vyumba viwili vyenye watoto zaidi ya mia moja na hamsini, na mimi nilikuwa nimekaa miaka mitatu nikilia na milioni 40.

Tulihesabu na vyoo. Kiwango chetu ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Tulikuwa na wasichana 421 na wavulana 391, maana yake tulihitaji matundu 38. Yalikuwepo 11. Ndipo nikaelewa kwa nini mabinti wa darasa la sita na la saba walikuwa wanapotea siku kadhaa kila mwezi. Mwalimu wa kike alikuwa ameniambia zamani, nikamjibu kwamba maktaba inakuja.

Karatasi yetu ilikuwa kurasa mbili. Ilikwenda kamati ya shule, ikaenda serikali ya mtaa, ikaingia kamati ya maendeleo ya kata mwezi Novemba. Novemba, tafadhali zingatia. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini halmashauri inakusanya vipaumbele miezi mingi kabla, mwongozo wa bajeti ukishatoka, na baraza linapitisha mwanzoni mwa mwaka. Ukija Aprili na machozi yako, unakuta mlango umefungwa. Nimeona madiwani wazuri, wasemaji hodari kuliko mimi, wakimaliza miaka mitano wakija kila Aprili.

Halafu usipeleke mzigo wote kwenye mfuko mmoja. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shilingi 4,000 ni za vitabu, 6,000 ndizo zinafika shuleni, na asilimia 30 ya hizo ni za ukarabati. Kwa watoto 812 hiyo ni kama milioni moja na laki nne na nusu. Haiezeki jengo, lakini inabadilisha bawaba, vitasa na vioo, na inaziba ufa kabla haujawa ukuta. Paa tuliliombea mapato ya ndani, kwa sababu halmashauri inatakiwa kutenga sehemu yake kwa maendeleo na kazi ya milioni 8 inaingia humo bila kumnyima mtu. Saruji ya vyoo tuliiomba Mfuko wa Jimbo, ule wa maendeleo unaopitia kwa mbunge. Mchanga na mawe yalitoka kwa wananchi, na safari hii nilikwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi kwanza, kisha ndipo nikaomba mawe.

Pia kata kazi vipande vinavyoweza kuisha. Fedha za halmashauri haziji kwa mkupuo, zinafuata makusanyo. Ukipanga kazi kubwa, zikija robo utabaki na jengo robo. Ukipanga paa la jengo moja, zikija unalimaliza, unalipiga picha, unaomba la pili. Soma ripoti za CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kuhusu serikali za mitaa, hoja ya miradi isiyokamilika inajirudia mwaka hadi mwaka. Kila boma lililomo humo lilikuwa na diwani kama mimi aliyelitangaza kwa kipaza sauti.

Tuliezeka Oktoba 2020. Mwaka uliofuata sakafu na milango, kisha vyoo, kisha umeme. Kwa mafundi wa mtaani na zile kamati zetu tatu za ujenzi, manunuzi na mapokezi, hakuna bati lililopotea; nilikuwa nasimama mwenyewe gari likishusha. Mwaka wa nne ndipo kompyuta mbili zikaingia ofisini, na zilikuta paa lisilovuja. Siku ya kukabidhi vyoo palikuwa na turubai na kwaya. Shukrani zilisomwa kwa wengi, jina langu halikusomwa. Nilikuwa nimekaa safu ya tatu. Jioni yule mwalimu wa kike alinipigia simu akasema, "Mheshimiwa, leo wamekuja wote." Ile simu naitunza moyoni.

Sasa nikuambie jambo ambalo halmashauri yako pengine bado haijaliweka mezani. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unafanya elimu ya msingi iwe miaka sita. Waliokuwa darasa la tatu mwaka ule watamaliza mwaka 2027 wakiwa la sita, pamoja na kaka zao watakaokuwa la saba. Januari 2028 makundi mawili yanaingia kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Unajua maana yake kwa bajeti? Kila shilingi itavutwa kwenda madarasa ya sekondari, na maombi yako ya bati yatazikwa chini ya rundo. Una dirisha dogo, litumie sasa. Na kwa kuwa shule ya msingi itabaki na darasa moja pungufu, mtu akikwambia mjenge chumba kipya pale, muulize kwanza vile mlivyonavyo viko katika hali gani. Mara nyingi chumba unachokihitaji tayari kipo, kimepungukiwa paa.

Sikukatazi kuota. Mimi nilikuwa na ndoto nzuri, ila niliitanguliza mbele ya watoto waliokuwa wanaloa. Ukisimama kwa wananchi usiwaambie "shule ya kisasa", waambie "jengo la darasa la nne, bati kadhaa, kabla ya masika". Watakukumbusha wenyewe, na wewe utalazimika kutimiza. Waheshimiwa tunapenda maneno mapana kwa sababu hayana siku ya kudaiwa. Tuache.

Kwa hiyo ukishasoma hapa, mpigie mwalimu mkuu, mkubaliane Jumamosi. Jumamosi ni nzuri kwa sababu madarasa yako wazi na mnaweza kusogeza madawati. Chukua fundi ambaye hana mpango wa kuomba tenda ile. Beba futi kamba, daftari, ngazi ndefu ya kuaminika, na tochi, maana huko juu ya dari ni giza na kenchi mbovu huzioni mpaka uzigonge. Zigonge zote. Andika idadi, kila jengo na ukurasa wake, mwalimu mkuu asaini. Kisha unitumie picha ya hizo kurasa, usiku wowote, nitazisoma.