Re: Hoteli ya usiku mmoja Dubai kabla ya kupanda meli

Salaam, dada. Umeeleza kwamba mtafika Dubai jioni mkiwa wazazi wawili na watoto watatu, mlale usiku mmoja kisha mpande meli ya kitalii kesho yake, nawe umekwama kati ya hoteli ya mtaa wa Deira na ya mtaa wa Marina.

Kabla ya kulinganisha bei, soma jina la gati kwenye tiketi ya meli, kwa sababu kuna Bandari ya Rashid, iliyo karibu na Bur Dubai, na Dubai Harbour, iliyo upande wa Marina, na umbali kati yake unazidi kilomita 20. Ikiwa ni Rashid, ningechagua Deira bila kusita, kwani uwanja wa ndege nao uko jirani.

La pili ni vitanda. Sisi tulilipia chumba kilichoitwa cha familia, tukakuta vitanda viwili tu, na mtoto mmoja akalala sakafuni. Kwa hiyo iandikie hoteli, taja umri wa kila mtoto, na usilipe mpaka wakujibu kwa maandishi. Uliza pia kama mizigo inaweza kubaki mapokezi baada ya kukabidhi chumba. Teksi ya kawaida hubeba abiria wanne, hivyo agizeni gari kubwa.

Na tafadhali, ikiwa meli itapitia Muscat, nchini Oman, na kurudi Dubai, hakikisheni viza zenu zinaruhusu kuingia Emirates zaidi ya mara moja.