Maswali na majibu: umepanga chumba, sufuria iko wapi?

Maswali ya wiki hii mengi yametoka kwa vijana waliohamia chumba chao cha kwanza. Yanayofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo shangazi. Nimepanga Sinza, nakaa peke yangu, mshahara unaisha tarehe 15. Nifanyeje?

Marahaba. Swali hili linaniijia kila wiki na kila mara halina namba hata moja. Unapata shilingi ngapi? Kodi unalipa ya miezi mingapi? Mchana unakula wapi? Chukua daftari la shule, andika kila kinachotoka kwa siku 30, hata mia mbili ya karanga, hata makato ya kutoa hela kwa wakala. Ukimaliza niandikie tena.

Nimeshalipa kodi na dalali, nimebakiwa na laki tatu na nusu. Ninunue nini kwanza?

Godoro na chandarua. Kisha ndoo mbili zenye mifuniko, dumu la lita 20, beseni, fagio, dekio, jiko, sufuria mbili, kisu, mwiko na sahani mbili, maana mgeni atakuja. Kariakoo usinunue duka la kwanza. Ishike sufuria, bonyeza ubavu wake kwa kidole gumba, ikibonyea, irudishe.

Kitakachobaki kiweke. Wavulana wengi huanza na sabufa na televisheni ya mkopo, halafu kila usiku wanashuka barabarani kununua chipsi mayai kwa sababu ndani hakuna hata kijiko. Mwaka wa kwanza kitu cha mkopo kisiingie chumbani kwako.

Umeme wa 10,000 unanipa unit 28, rafiki yangu wa Mbagala anapata zaidi ya 75. Naibiwa?

Huibiwi. Wewe uko kwenye tarifa ya kawaida. Mwenzio yuko kwenye tarifa ya matumizi madogo, ambayo unit ni shilingi 100 kabla ya kodi ya serikali, kwa asiyezidi unit 75 kwa mwezi. Akizipita, kila unit ya ziada ni 350. Mtu wa taa mbili, feni na kuchaji simu hafiki 75, kwa hiyo chukua namba ya mita, nenda ofisi ya TANESCO ya eneo lako, omba ubadilishiwe. Ila angalia kwanza hiyo mita ni ya wangapi. Kama vyumba vinne mnachangia moja, matumizi yenu yanajumlishwa na tarifa hiyo hamuipati. Ndiyo maana kabla mtu hajatoa hela ya kodi namwambia aulize choo, maji na mita. Na birika la umeme uliangalie: la wati 2,000 likikaa kwenye moto nusu saa kwa siku, mwezi mzima limekula unit 30.

Kuna jambo hukuuliza, nami nalisema tena. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, yaani unaponunua umeme wa kulipia kabla; sasa ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba. Wewe mpangaji ndiye unayenunua umeme, kwa hiyo kwa mwaka umemlipia 18,000. Tunza meseji za manunuzi, na siku ya kulipa pango mwonyeshe, akupunguzie. Wapangaji wanaona haya kudai. Dai kwa heshima, lakini dai.

Mvua zimeanza na koridoni panavuja. Nikipikia jiko la mkaa chumbani, dirisha nikaacha wazi, kuna shida?

Ipo, na inaua. Mkaa unaowaka unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, haikuwashi macho kama moshi wa kuni. Kichwa kinauma, mwili unalegea, usingizi unakuchukua na huamki. Nilipokuwa nakaa Manzese niligonga kwa jirani asubuhi kumwomba chumvi. Alifungua akaanguka palepale mlangoni. Nyuma yake kulikuwa na jiko na sufuria ya maharage aliyoyaacha yaive usiku kucha, dirisha limefunguliwa upana wa kiganja. Tulimburuta hadi uani akatapika, akapona. Siwezi kukuruhusu ujaribu. Pikia nje penye paa, au jikusanye ununue mtungi wa gesi wa kilo 6.

Kwenye gesi, mwambie muuzaji aweke mtungi kwenye mizani mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, jumlisha 6. Akisema mizani mbovu, nenda kwa mwingine. Nyumbani paka povu la sabuni kwenye mpira na kwenye kichwa cha mtungi. Ukiona mapovu yanapanda, funga, usiwashe chochote.

Sina friji, kila ninachonunua kinaoza. Na je, ni kweli kununua kwa Mangi, duka la mtaani, kila siku ni hasara?

Unanunua vibaya. Fungu la nyanya gengeni lina nne chini na moja juu, na ile inayong'aa ndiyo inayokutazama. Omba kuzigeuza. Chukua mbili zilizoiva za leo na kesho, nyingine za kijani zikuivie nyumbani. Vitunguu vitundike kwenye kikapu pasipo na unyevu. Mchicha ni wa siku hiyohiyo. Samaki wa soko la Feri akifika nyumbani akaangwe kabla hujavua viatu. Maharage chemsha nusu kilo, si kilo, na uyachemshe tena asubuhi na jioni, maana joto la Dar yanachacha ukiyatazama.

Kuhusu Mangi, mafuta ya kupimiwa ni ghali kuliko chupa ya lita, na mchele wa robo robo ni ghali kuliko wa Tandale wa kilo kumi. Lakini simlaumu anayelipwa kwa siku. Hela yake inakuja kidogo kidogo. Huyo namwambia hivi: wiki hii weka akiba ya mchele, ijayo mafuta, inayofuata sabuni na dawa ya meno. Mwisho wa mwezi utakuwa na stoo.

Nina miaka 29, nimechoka kujipikia na kufua. Nioe?

Hapana. Jifunze kupika wali usioungua, na umlipe mtu wa kufua siku ileile anapomaliza. Nguo za ndani fua mwenyewe.

Bili ya maji tunagawana sawa kwa chumba. Mimi niko peke yangu, jirani wako sita. Naonekana mchoyo nikilalamika.

Si uchoyo. Omba kikao cha wapangaji Jumapili, mwenye nyumba awepo, mpendekeze kugawana kwa kichwa. Usianze na jirani huyo koridoni, mtagombana kabla ya hesabu. Watoto wadogo muwahesabu nusu, na mtakachokubaliana kiandikwe na kila chumba kiweke sahihi.