Guangzhou na Kichina cha kuombea maji

Safari yangu ya kwanza Guangzhou, China, nilikwenda na maneno mawili, "ni hao" (hujambo) na "xie xie" (asante), nikarudi Kariakoo na katoni nane za mikoba wakati nilitaka mbili. Sasa wadogo zangu mnaojiandaa kwenda kufunga mzigo mnaniuliza msome Kichina miezi mingapi. Mimi nasema anzeni na namba, tena namba za vidole.

Wachina huhesabu mpaka kumi kwa mkono mmoja. Gumba na kidole cha mwisho ni sita. Gumba na kidole cha shahada ni nane, na hapo ndipo niliponaswa. Muuzaji aligusa katoni, akaninyooshea vile vidole, mimi nikaona viwili, nikaitikia "hao, hao", sawa sawa, na kutoa malipo ya awali bila kuuliza ni ya ngapi.

Kwa mdomo nako kuna mtego. Nne ni "si", kumi ni "shi", na watu wengi wa kusini hutamka zote "si", tofauti ikabaki kwenye kupanda na kushuka kwa sauti. Kununua na kuuza ni vivyo hivyo: yote "mai". Sikio la mgeni halitaweza wiki ya kwanza, usilitese. Kila kibanda kina kalkuleta. Abonyeze bei yake, ubonyeze yako, useme "tai gui le", ghali mno, huku unacheka. Mkikubaliana, zidisha bei kwa idadi mbele yake, aandike jumla kwenye risiti kwa tarakimu, kisha piga picha risiti ikiwa juu ya sampo.

Programu ya kutafsiri pakua ukiwa bado nyumbani, kwa sababu huduma za Google huko hazifunguki hivi hivi. Ndani ya WeChat, programu ya Wachina ya kutumiana ujumbe, ujumbe unatafsirika palepale, ila andika sentensi fupi. Utani wa Kariakoo uache Kariakoo. Kadi ya hoteli yenye anwani kwa herufi za Kichina isitoke mfukoni. Dereva wa teksi hana habari na jina la hoteli kwa Kiingereza.

Mkalimani? Kiwandani, ndiyo. Sokoni mimi simchukui tena. Wa kwangu alikuwa anapokea chake kwa muuzaji pia.

Na kama hujaelewa, usiitikie kwa kichwa. Lipo neno lake, "ting bu dong": nasikia ila sielewi. Zamani niliona aibu kulitamka, mfanyabiashara mzima na suti yangu. Siku hizi ndilo ninaloingia nalo dukani. Muuzaji anacheka, ananivutia kistuli cha plastiki, anachomoa kalkuleta.