Barua kwa Mwanangu Anayechora Muundo wa Kampuni

Mwanangu Idrisa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, ya tatu kwa miwani ya dada yako. Unasema mmefika watu 31, tawi la Morogoro limeshafunguliwa, na sasa unachora muundo wa kampuni lakini umekwama: mafundi sola wa Morogoro wawe chini ya meneja wa tawi, au chini ya mkuu wa mafundi aliye Dar?

Mimi nakuuliza hivi: Jumamosi saa kumi jioni fundi yuko juu ya paa la mteja, waya umepungua. Nani anamfungulia stoo? Maana kwa sasa ni wewe. Idi hii pilau uliiacha nusu sahani, ukasimama barazani na simu ukimwelekeza mtu ufunguo ulipo.

Unajua nilivyoshika stoo pale kiwanda cha mikate. Tulipoongezeka, tajiri akamleta mtaalamu kutoka Dar, akatuchorea visanduku kwenye manila, ikabandikwa ukutani. Changu kilikuwa chini ya mhasibu kwa mstari mzima, tena kina mstari wa nukta nukta kwenda kwa msimamizi wa uokaji. Nikauliza zile nukta maana yake nini. Mtaalamu akacheka, akasema ni ushirikiano.

Mkesha wa Idi nikajua maana yake. Hamira iko stoo, mhasibu kashakwenda kwao na ameagiza kitu kisitoke bila saini yake. Msimamizi yuko mlangoni, unga mpaka kwenye nyusi, ananipigia kelele. Nilikataa saa mbili nzima, kisha nikatoa. Tulipofungua ofisi baada ya sikukuu nikapewa barua mbili za onyo: ya mhasibu kwa kutoa bila saini, ya msimamizi kwa kuchelewesha. Siku moja, hamira moja, na makosa yote mawili ni yangu! Hiyo manila hakuna aliyeiandikia onyo.

Basi ndiyo maana nasema kila siku: mtu mmoja, bosi mmoja. Hata nyumbani nikikutuma dukani, baba yako hakutumi kwingine mpaka urudi. Baadaye kwenye kozi ya jioni nikakuta Henri Fayol, Mfaransa aliyeongoza kampuni ya migodi miaka 30, aliliandika neno hilohilo mwaka 1916. Nilitamani kumpelekea mhasibu ule ukurasa.

Ingawa, niseme kweli, huyohuyo Fayol aliweka na daraja la kuvukia: wawili wa ngazi moja wamalizane wenyewe, mradi wakubwa wao wameridhia na wanapewa habari. Na hata kwetu, mikate iliwahi sokoni kwa sababu dereva na mtu wa tanuri walikuwa wakipatana kwenye dirisha la nyuma, na dirisha hilo halikuwa kwenye manila. Kwa hiyo labda bosi mmoja hatoshi. Hapana, anatosha! Ila lazima awepo saa ya kazi, na awe na ruhusa ya kutoa mita kumi za waya bila kukupigia. Ukimpa mtu kisanduku usimnyime ufunguo.

Jingine dogo: andika kazi kwanza, majina baadaye. Wewe umeanza na majina, nimeona, na la binamu yako liko juu kabisa. Kwa hilo sisemi kitu, mama yake ni ndugu yangu.

Tawi au fani, sikuamulii. Kampuni yako, mkopo wako. Lakini bosi wa mtu anayepanda paa Morogoro akilala Dar… haya, nimenyamaza.

Chora kwa penseli uje nayo. Nitakuonyesha zile barua mbili, zimo kwenye sanduku la bibi yako. Ya mhasibu wamekosea hata jina langu.

Mama yako