Re: Riwaya ya mapenzi ya kale yenye jumba la siri, mwoga aanze na ipi?

Ndugu, umeuliza kama mtu anayeogopa mizimu anaweza kuzifurahia hizi riwaya. Anaweza, tena sana. Anza na Jane Eyre ya Charlotte Brontë, ya mwaka 1847. Jane anaajiriwa kumfundisha mtoto katika jumba la Thornfield; usiku anasikia kicheko cha ajabu, kisha kitanda cha mwenye nyumba kinawaka moto, na hakuna anayemwambia ukweli. Kilichoninasa ni jinsi mapenzi na fumbo vilivyosukwa pamoja: kadiri anavyozidi kumpenda Rochester, huyo mwenye nyumba, ndivyo anavyoisogelea ile siri. Na tafadhali usisome muhtasari popote, utajiharibia uhondo!

Ukinogewa, hamia Rebecca ya Daphne du Maurier (1938). Mzimu hamna, ila kumbukumbu ya mke marehemu ndiyo inayotawala nyumba, na yule msimamizi, Bi. Danvers, anatisha kuliko jini. The Castle of Otranto ya Walpole (1764), iliyoanzisha mtindo wenyewe wa riwaya hizi za majumba ya siri, iache kwanza. Kofia kubwa ya chuma inamponda bwana harusi kurasa za mwanzo tu, na mapenzi yake kwangu hayana ladha.