Mwezi umejaa, na wewe umewasha taa

Kirumba, Mwanza

Mwanangu,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu, ya mwisho nikiwa nimekaa juu ya gunia hapa mwaloni, kwenye soko la dagaa, nikimsubiri mteja wa Kongo. "Mama, nikiacha kazi ya benki nikakaa mwaka mzima natengeneza gemu langu la simu, utanielewa?" Kukuelewa nilishakuelewa tangu ulipokuwa unachora mitumbwi nyuma ya daftari la hesabu. Ulichotaka kujua ni kama nitakubali.

Nianze na gemu lenyewe. Mdogo wako aliniwekea kwenye simu, nikalicheza mpaka chaji ikakata. Sauti ya maji yakigonga ubavu wa mtumbwi umeipata, nikasahau kwamba nina ugali jikoni. Ila ile hatua ya pili! Umechora mwezi umejaa juu ya Jiwe la Bismarck lililo ziwani, na chini yake wavuvi wamewasha taa, wanavuta dagaa mpaka wavu unataka kupasuka. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Wewe, uliyesomeshwa na dagaa! Mbalamwezi ikitoka taa inawaka bure, dagaa hawaifuati. Watu wanapandisha mitumbwi, wanashona nyavu, wanakopa dukani mpaka giza lirudi. Kila mtoto wa Igombe atakucheka. Ningekuwa wewe ningeifanya hiyo ndiyo kanuni ya mchezo: giza unavua, mbalamwezi unakula ulichoweka, na asiyeweka anaanza upya.

Wewe mwenyewe hujawahi kuishi mbalamwezi. Mshahara unaingia tarehe ileile, mvua inyeshe isinyeshe. Mimi nimeziishi, tena ya kwanza ilinikuta sina hata senti ya akiba.

Mwanzoni mwa mwaka 1999 niliacha kazi kwenye kiwanda cha minofu. Nilichoka kusimama kwenye meza ile, miguu kwenye maji ya barafu. Nikachukua fedha zangu zote nikaanza kununua sangara kwa wavuvi na kuviuzia viwanda. Mwezi wa nne Ulaya ikafunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria, kwa habari za watu waliokuwa wakivua kwa sumu. Mimi sumu sijawahi hata kuishika. Bei ikaanguka, samaki wangu wakanunuliwa kwa huruma. Mpaka leo sijutii kuacha ile meza. Ninachojutia ni kumtegemea mnunuzi mmoja, aliye mbali, nisiyejua hata sura yake. Dagaa niliingia kwa unyonge tu, halafu nikaona raha yake: huyu wa Kongo asipokuja, yupo wa Rwanda, yupo wa chakula cha kuku.

Sasa umenieleza duka la Google la programu za simu, utakakouzia gemu. Dola 25 za kujiandikisha, mara moja tu, kisha wanakata asilimia 15 mpaka mauzo yavuke dola milioni moja kwa mwaka. Sawa, kuna madalali hapa mwaloni wabaya kuliko hao. Lakini mlango ni wao. Wakiifunga akaunti yako usiku, asubuhi utamgongea nani?

Na Dong Nguyen wako wa Vietnam, umenisimulia nusu. Ni kweli gemu la Flappy Bird alilitengeneza peke yake mwaka 2013, na mwaka uliofuata ikasemwa linamwingizia dola 50,000 za matangazo kila siku. Mdogo wako amenisomea iliyobaki: mchana alikuwa na kazi yake, anaandika programu za vifaa vya teksi, na gemu lilimchukua siku chache, si mwaka. Tena Februari 2014 aliliondoa mwenyewe dukani, amechoshwa na kelele. Huyo humwigi kwa kuacha kazi.

Basi usiache mwaka huu. Una likizo ya siku 28, ichukue yote. Umesema akaunti mpya ya mtu binafsi kwenye duka la Google lazima ipate watu 12 wa kulijaribu gemu siku 14 mfululizo. Hao nitakutafutia hapahapa, vijana wanaobeba magunia, wenye simu za vioo vilivyopasuka. Ukiwaona wanalirudia bila kulipwa, tutaongea tena. Wakilifuta siku ya tatu, nitakwambia bila kukuficha. Na hizo MB 400 za gemu lako zipunguze. Kijana wa bando la siku hawezi kulimaliza kwa ajili ya mtumbwi wako.

Mkataba wako usome, ule ukurasa wa kazi unazobuni ukiwa mwajiriwa. Kompyuta ya ofisi usiiguse kwa gemu hata usiku. Siku ukiondoka, toa notisi ya siku 28 kwa maandishi, usije ukasusa kama mjomba wako. Na uwe umeweka chakula na kodi ya miezi sita, mahali ambapo hata mimi siwezi kukukopa.

Chumba chako kipo. Nimeweka magunia mawili tu, na harufu utaizoea upya.

Mteja wangu anashuka kwenye bodaboda, naishia hapa. Mbalamwezi inaanza wiki ijayo, nitakuwa na nafasi. Nitumie hatua ya tatu, ila hizo taa uzime kwanza.

Mama yako